Bajia, sambusa na dakika 120: vitafunio vya Kihindi nyumbani usiku wa mechi

Usiku wa tarehe 28 Januari 2024, timu yetu ya taifa ya Kongo (DRC) ilipokutana na Misri mjini San Pédro, nchini Côte d'Ivoire, katika hatua ya 16 bora ya Kombe la Mataifa ya Afrika, niliwakaribisha nyumbani kwetu Himbi, mtaa wa mji wa Goma, watu 14 na kuwaahidi chakula cha mitaani cha Kihindi ambacho wengi wao walikuwa hawajakionja. Kwa saa zetu za Goma mechi ilianza saa 4 usiku. Ilipofika saa 3 na nusu nilikuwa nimekwisha kupanga kila kitu kwenye masinia mawili: sambusa za viazi zilizovunjwavunjwa, dengu juu yake, mtindi juu ya dengu, kisha chatini ya ukwaju na chatini ya kotmiri juu ya vyote, kwa sababu na mimi nilitaka kukaa kitini nitazame mpira kama wenzangu. Meschack Elia alipotufungia bao dakika ya 37, masinia bado yalikuwa na sura ya chakula. Wakati wa mapumziko, Misri wakiwa wamekwisha kusawazisha kwa penalti, niliondoa kifuniko nikakuta uji. Shemeji yangu mdogo alichota kijiko, akakigeuzageuza, akauliza kwa adabu zote, akiniita yaya kama tunavyowaita ndugu wakubwa: "Yaya, hii ni sambusa ama ni supu?"

Mechi yenyewe ilikwenda hadi dakika za nyongeza, kisha hadi mikwaju ya penalti, na kipa wetu Lionel Mpasi alipopiga mkwaju wa mwisho na kutupatia ushindi wa 8 kwa 7, ilikuwa imepita saa 6 na nusu ya usiku. Wageni wangu walishangilia mpaka majirani wakatoka nje, lakini walikuwa wameshinda na karanga mkononi.

Upishi huu nilijifunza Kampala, nilikopanga chumba kwa familia ya Kigujarati nilipokuwa mwanafunzi. Mama mwenye nyumba alikuwa hali nyama wala samaki, na jikoni mwake hapakukosa unga wa dengu. Alichonifundisha kilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa langu, la kudhani kwamba chakula cha mitaani kinaweza kupangwa mezani kama wali na sombe (majani ya mihogo). Mchuuzi wa Mumbai anayeuza bhel huchanganya mchele uliopulizwa, tambi nyembamba za dengu, vitunguu na chatini mbele ya mteja, na mteja hula papo hapo akiwa amesimama. Chakula hicho hakina subira. Tangu usiku ule, kwa hiyo, ninafuata jambo moja bila kulegea: kilicho kikavu na kilicho majimaji visikutane mpaka mlaji mwenyewe ameshika sahani.

Nianze na bajia za vitunguu, kwa maana ndizo ninazokushauri uanze nazo na ndizo zinazostahimili mechi ndefu kuliko vitafunio vingine vyote. Kata vitunguu maji 4 vikubwa vipande vyembamba, vinyunyizie kijiko kidogo kimoja cha chumvi, uvifikiche kwa vidole na kuviacha dakika 15 au 20. Vitatoa maji yake vyenyewe, na maji hayo ndiyo yatakayokanda unga. Hapo tia gramu 200 za unga wa dengu, vijiko 2 vikubwa vya unga wa mchele, manjano kidogo, giligilani iliyopondwa nusunusu na pilipili kadiri ya wageni wako. Maji ya kuongeza yasizidi vijiko 2 au 3 vikubwa. Wengi hukosea hapa: wanataka rojo laini kama la kitumbua, wanapata matonge mazito yenye unga mbichi katikati. Ukitazama bakuli lako unapaswa kuona vitunguu vilivyopakwa unga, si unga wenye vitunguu ndani. Ukichota, usiviringe, achia vidole vidondoshe fungu lenye ncha zilizochanguka kila upande, kwa sababu ncha hizo ndizo zinazokauka na kulia chini ya meno.

Zikaange mara mbili. Mara ya kwanza iwe kabla ya mechi, mpaka zishikane na kuwa na rangi ya njano iliyofifia, kisha uzitandaze kwenye ungo uliotandikwa karatasi, zisipandane na zisifunikwe kabisa. Nilikuwa na desturi ya kuziweka kwenye sufuria yenye kifuniko ili zisipoe, nami sikuelewa kwa nini zinalegea mpaka nilipoona matone ya mvuke upande wa ndani wa kifuniko. Mara ya pili iwe wakati wa mapumziko, kwenye mafuta yenye moto zaidi, dakika moja na nusu au mbili tu. Mapumziko ni dakika 15. Bajia 60 zikikaangwa kwa mafungu manne hazichukui hata dakika 10, na unarudi kitini kipindi cha pili hakijaanza.

Kuhusu mafuta, tumia mafuta meupe yasiyo na harufu. Mawese ninayapenda kwenye maharage na sombe, lakini hapa huzipaka bajia rangi na ladha yake mpaka husikii tena kiungo kingine. Kama huna kipimajoto, dondosha tone la unga: likizama na kulala chini, subiri, likipanda taratibu likiwa na mapovu, mafuta yanafaa kwa sambusa, likiruka juu mara moja, yanafaa kwa bajia.

Sambusa ni habari nyingine, nami nakiri kwamba sizipiki kwa kila mechi. Hizi tunazonunua mitaani, za manda nyembamba, ni za asili moja na zile za kaskazini mwa India, lakini za huko zina unga mnene, zimejazwa viazi na njegere, na hukaa wima sahanini kama kilima. Kwa gramu 250 za unga wa ngano tia vijiko 4 vikubwa vya mafuta au samli na nusu kijiko kidogo cha chumvi, ufikiche mpaka ukikamata unga kwa ngumi ubaki na alama za vidole. Ongeza maji kidogo kidogo, upate donge gumu, gumu kuliko la chapati, ulifunike kwa kitambaa dakika 30. Viazi vya Masisi havina mpinzani kwa kazi hii, ila usiviponde vikawa laini. Vivunje kwa mkono, vibaki na vipande vya ukubwa wa ukucha. Kisha uvumilivu: sambusa hizi huanza kwenye mafuta ya moto mdogo na hukaa humo dakika 10 hadi 15. Moto ukiwa mkali, ngozi hutoka mapele, hupata rangi upesi na kulainika mara inapopoa. Kwenye mbabula, jiko letu la makaa, unapunguza moto kwa kuondoa makaa kadhaa kwa koleo na kuyafunika yaliyobaki kwa majivu. Ni kazi ya kujifunza, na sambusa za kwanza mbili tatu uzihesabu kuwa za mpishi.

Ukiona sambusa zinakushinda, fanya madonge ya viazi. Watu wa pwani ya Kenya na Tanzania wana kachori zao, na Mumbai wana kitu cha ukoo huohuo, batata vada, ambacho wakikiingiza ndani ya mkate mdogo wenye chatini ya kitunguu saumu hukiita vada pav. Maneno batata na pav yote mawili yametoka kwa Wareno, ambao ndio waliofikisha viazi India. Viazi vilivyopondwa, manjano, tangawizi, pilipili na kotmiri, kisha kuchovya kwenye rojo la unga wa dengu na kukaanga: mtoto wa miaka 12 anaweza kukusaidia kuviringa, na mkate wa dukani kwako unatosha.

Sasa niseme habari ya jibini, maana ilinigharimu lita nzima ya mafuta. Nilidhani kwamba jibini ya Masisi, kwa kuwa tunayo karibu na ni nzuri, ingeshika nafasi ya paneer, jibini ya Kihindi, katika bajia. Niliikata vipande, nikavichovya, nikavitia kwenye mafuta. Baada ya nusu dakika magamba yalipasuka, jibini ikamwagika, mafuta yakaanza kurusha cheche, na kilichobaki kilikuwa magamba matupu. Jibini ya Masisi hugandishwa kwa kimeng'enya na huyeyuka ikipata moto. Paneer hugandishwa kwa asidi, na haiyeyuki hata ukiikaanga. Kwa bahati ni rahisi kuitengeneza: chemsha lita 2 za maziwa, ondoa motoni, mimina kidogo kidogo vijiko 4 vikubwa vya maji ya ndimu huku ukikoroga taratibu, na maji ya kijani yakijitenga chuja kwa kitambaa safi, ukande na kukandamiza kwa saa moja chini ya jiwe zito. Jiwe la lava Goma halinunuliwi.

Kwa upande mwingine, kuna kitu cha kwetu kilichofaulu kuliko nilivyotarajia. Sambaza, samaki huyu mdogo aliyeletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, anapokea unga wa dengu kana kwamba walizaliwa pamoja. Amritsar, kaskazini mwa India, wana samaki wa kukaanga kwa unga huohuo. Waondoe vichwa, waoshe, wakaushe kwa kitambaa mpaka wasiteleze tena mkononi, wapake chumvi, ndimu, manjano na pilipili, kisha uwanyunyizie unga mkavu na kuwakaanga mara moja. Mama mwenye nyumba wangu asingeniruhusu kuwaingiza jikoni mwake, lakini wageni wangu huwamaliza kabla ya kugusa kitu kingine.

Chatini zitayarishe siku moja kabla. Ya kijani ni kotmiri mafungu 2, nanaa fungu 1, pilipili, tangawizi, chumvi na maji ya ndimu, vyote vikasagwa. Ndimu uitie tangu mwanzo, huzuia majani yasiwe meusi. Ya ukwaju huchemshwa na tende na sukari guru mpaka iwe nzito kama asali. Ukwaju ukikosekana madukani, nami nimewahi kuzunguka mtaa wa Birere mzima bila kuupata, chemsha maji ya marakuja (pasheni) na sukari na bizari nyembamba iliyokaangwa mpaka yapungue kufikia nusu. Mhindi atagundua tofauti, lakini hatalalamika.

Dengu nzima zinahitaji neno la peke yake. Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi badala ya 100, ndiyo sababu mapishi yanayosema dengu huiva kwa saa moja hayatuhusu. Ziloweke saa 12, tia magadi kidogo, na uzipike mchana, si jioni. Mwenye sufuria ya presha ataokoa makaa mengi.

Pani puri usiijaribu usiku wa mechi. Kila kigamba cha unga kilichokaangwa hutobolewa, hujazwa viazi na maji yenye viungo, na huliwa chote kwa mara moja kabla hakijalowa. Maana yake ni kwamba mtu mmoja atasimama kuhudumia muda wote, na mtu huyo utakuwa wewe.

Mbabula ikae uani, na isiingizwe sebuleni hata mvua ikinyesha, kwa sababu gesi ya makaa huua bila kunusika. Sisi tunaoijua mazuku, gesi ya volkeno inayojikusanya mabondeni, hatuhitaji kufundishwa habari ya hewa inayoua kimyakimya. Iwekwe pia mbali na njia ya mlangoni. Elia alipofunga lile bao, watoto watatu walitoka mbio uani kushangilia, na mmoja alipita kiganja kimoja tu kutoka kwenye karai la mafuta.

Tarehe 2 Februari, tulipowashinda Guinea 3 kwa 1 katika robo fainali, nilifanya yote haya kwa utaratibu: chatini kwenye mabakuli, dengu na mtindi pembeni, bajia kwenye ungo, kila mtu akijichanganyia mwenyewe. Shemeji yuleyule alirudi uani mara nne.

Siku ya nusu fainali dhidi ya Côte d'Ivoire, tarehe 7, bajia zilikuwa tayari mezani wimbo wa taifa ulipopigwa. Wachezaji wetu wakaziba midomo kwa kiganja kimoja na kuelekeza vidole viwili kichwani kama bunduki, kuonyesha kwamba dunia imenyamazia mauaji ya mashariki mwa nchi, kwa ajili yetu sisi tuliokuwa tumekaa pale. Hakuna aliyenyosha mkono kwenye sahani. Tulifungwa 1 kwa 0, na karibu ungo mzima ukabaki. Niliziacha wazi usiku kucha, bila kifuniko, na asubuhi nikazirudisha kwenye mafuta ya moto kwa dakika moja. Tulizila na chai ya maziwa, zikiwa zinalia chini ya meno kama za jana.