Maswali yenu: Aliyeshtaki ana chuki, je kesi ife?

*Kijijini kwetu Chamwino mwalimu ameshtakiwa kumpa mimba mwanafunzi wa miaka 15. Aliyepeleka taarifa polisi anagombea naye shamba la zabibu. Kesi ya chuki hivi ni haki iendelee?*

Iendelee. Shamba lina kesi yake, binti ana yake. Katika shauri kama hili mahakama hutafuta mambo matatu: umri wa binti, kama aliingiliwa, na aliyemwingilia ni nani. Kama mleta taarifa anampenda mshtakiwa au anamchukia, halimo humo. Chuki hiyo utetezi una nafasi ya kuieleza: shahidi ahojiwe kuhusu shamba, na hakimu akiona ushahidi umepikwa, mwalimu aachiwe. Lakini jirani mwenye chuki si shahidi mkuu hapa. Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba ushahidi bora wa kubakwa hutoka kwa aliyebakwa mwenyewe. Na kwa kuwa kuna mimba, mtoto akizaliwa vinasaba vinaweza kupimwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Jirani hawezi kuvipika.

Barua yako ndefu, ndugu yangu, imeeleza shamba mpaka mipaka yake. Binti umemtaja mara moja tu. Yuko wapi sasa? Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wasichana waliojifungua kurudi shule. Mwulizieni.

*Wale wanne waliofungwa maisha hapa Dodoma 2024, si walifungwa kwa kelele za mitandaoni?*

Kelele zilifanya video ile ya binti akibakwa na kundi isipuuzwe, na nashukuru zilipigwa. Hukumu ya Septemba 30, 2024 ilitolewa baada ya mashahidi kusikilizwa. Kifungo cha maisha kwa ubakaji wa kundi kimo ndani ya Kanuni ya Adhabu, hakikuletwa na mtandao.

*Shikamoo mama. Mbona Babu Seya na Papii Kocha wengi tunaamini walisingiziwa? Huoni hatari ya kushtaki tu bila kujali nia?*

Marahaba mwanangu. Hatari naiona, na swali lako ndilo lililonikosesha usingizi. Wanamuziki hao, baba na mwanawe, walihukumiwa kifungo cha maisha 2004 kwa kubaka watoto wa shule. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliwaachia watoto wengine wawili wa Babu Seya waliofungwa pamoja naye, yeye na Papii wakabaki ndani. Desemba 9, 2017, hapa kwetu Uwanja wa Jamhuri, Rais Magufuli akawasamehe, na watu wakashangilia. Msamaha wa Rais hauna maana kwamba mtu hakutenda, wala hausemi alisingiziwa. Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ikaona kuna mahali haki yao ya kusikilizwa ilivunjwa.

Mimi nalichukua hivi: kasoro ile ilikuwa ya namna kesi ilivyoendeshwa. Mshtakiwa apewe maelezo ya mashahidi mapema, utetezi wake usikilizwe, vipimo anavyoomba vifanyike. Hayo nitayapigania kwa ajili ya yeyote, hata ninayemdhania mkosaji. Ila wale watoto waliosimama kizimbani kutoa ushahidi nao walikuwa na haki ya kusikilizwa, na kutoshtaki kabisa kungewanyima.

Na Katiba, ibara ya 59B, inamtaka Mkurugenzi wa Mashtaka azingatie nia ya kutenda haki na kuzuia matumizi mabaya ya taratibu. Akimshtaki mnyonge na kumwacha mkubwa, tudai mkubwa naye afikishwe mahakamani. Tusidai mnyonge aachiwe.

*Niko Bahi. Jana jirani kambaka mtoto wa dada yangu, miaka 9. Wazee wanataka yaishe kwa ng'ombe watatu. Wanasema dada anakimbilia polisi kwa tamaa ya fidia.*

Huyu nilimpigia simu palepale. Hata kama dada angetaka fidia, kosa la jinai ni la Jamhuri, na ng'ombe hawalifuti. Kwa mtoto wa chini ya miaka 10 adhabu ni kifungo cha maisha.

Msimwogeshe. Nguo zake msizifue, ziwekeni kwenye mfuko wa karatasi. Nendeni dawati la jinsia na watoto polisi, mchukue PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, mfike hospitali leo: dawa za kuzuia VVU hazifai tena zikipita saa 72. Wazee wakizuia njia, pigeni 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Mama yake asimwache peke yake usiku huu.