Umesahau kidonge kimoja cha majira: angalia pakiti kwanza

Dada, umeeleza kwamba ulisahau kidonge cha siku ya 11 Jumamosi usiku, ukakumbuka Jumapili usiku na kumeza viwili kwa pamoja, na kwamba leo, siku 4 baada ya kukutana na mumeo, una kichefuchefu na unaamini mimba imeingia. Pole sana. Hofu hiyo naijua, na ndiyo maana nakujibu kwa urefu.

Mwaka 2019 nilisafiri kwenda Korogwe kwenye msiba, nikaacha pakiti mpya kwenye droo nyumbani Dar es Salaam. Nilikuwa nimemaliza vile 7 vya kahawia, ambavyo ni vya madini ya chuma na havizuii mimba, kwa hiyo zile siku 3 za msiba zilifanya mwili wangu ukae siku 10 mfululizo bila homoni yoyote. Niliporudi nilikutana na mume wangu, kisha nikaanza kujipima kila asubuhi kuanzia siku ya 4. Fedha ile niliipoteza bure, kwa sababu kipimo cha mkojo hutafuta homoni ambayo mwili hautoi mpaka mimba iwe imejishikiza kwenye mji wa uzazi.

Siku ya 8 nilikwenda kituo cha afya. Muuguzi hakuniuliza kuhusu matiti wala tumbo. Aliniomba pakiti, akaigeuza, akahesabu matundu kwa ncha ya kalamu mpaka akafika kwenye vidonge 3 vya mwanzo ambavyo havikuguswa. Alinieleza kwamba hapo ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kusahau, kwa kuwa mapumziko ya homoni yanarefuka na yai linaweza kupevuka. Ningefika ndani ya siku 5 angenipa P2, dawa ya dharura ya kuzuia mimba baada ya tendo, ambayo hufanya kazi vizuri zaidi kadiri inavyomezwa mapema. Nilisikitika mno, maana siku hizo nilizimaliza nikichunguza dalili. Nilisubiri hadi siku ya 21, nikapima alfajiri mume wangu akishika saa, na ulitokea mstari mmoja.

Kwako mambo ni tofauti kabisa. Ikiwa vidonge vyako ni vile 21 vya homoni na 7 vya kahawia, na vile 10 vya mwanzo ulivimeza vyote, kusahau kimoja na kukimeza mara ulipokumbuka kunaacha uwezekano mdogo sana wa mimba, na P2 huihitaji. Endelea na pakiti kwa saa ileile. Kichefuchefu cha mimba hakiji siku ya 4, ilhali kumeza viwili kwa pamoja huweza kuchafua tumbo kidogo.

Jibu langu lingebadilika kama unanyonyesha na ulipewa vidonge vya homoni moja, kwa kuwa vingi kati ya hivyo havivumilii kuchelewa zaidi ya saa 3. Au kama ulitapika ndani ya saa 2 baada ya kumeza. Au kama unatumia dawa za kifua kikuu zenye rifampicin, ambayo hupunguza nguvu ya majira. Hayo mwambie mhudumu bila kuulizwa. Na anayesahau vidonge 3 au zaidi atumie kondomu mpaka ameze vya homoni siku 7 mfululizo.

Ukifika kwenye vidonge vya kahawia na hedhi isije, pima kwa mkojo wa asubuhi, wiki 3 baada ya siku ile ya tendo. Usiache vidonge kwa kuogopa kumdhuru mtoto, kwani kuvimeza bila kujua una mimba hakujaonekana kumdhuru. Lakini kipimo kikionyesha mistari miwili, nawe ukawa na maumivu makali upande mmoja wa chini ya tumbo au kizunguzungu cha kuanguka, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.