Kwa anayeanza kupima antioksidanti za mimea kwenye seli

Siku utakapoona DPPH, kemikali ya kupimia ambayo yenyewe ni radikali huru (molekuli yenye elektroni isiyo na mwenzi), ikiacha zambarau na kugeuka njano mara tu unapotia dondoo la mmea wako, utafurahi, na ni haki yako. Ila rangi hiyo imekuambia jambo moja tu: dondoo linaweza kuituliza radikali huru ndani ya mrija. Seli haijaulizwa bado.

Mimi nilipoteza miezi hapo. Niliongeza dondoo lenye polifenoli, kemikali za mimea zinazotuliza radikali, kwenye seli, zikafa. Nikaandika kwamba dondoo ni sumu. Baadaye mwenzangu mmoja alinishauri niliweke dondoo lilelile kwenye maji ya kuoteshea seli, bila seli hata moja, nipime haidrojeni peroksidi, kioksidishaji kinachoweza kuua seli. Ilikuwamo, tena nyingi! Polifenoli kadhaa, kama EGCG ya chai ya kijani, huoksidika zenyewe kwenye maji hayo na kuzalisha peroksidi. Seli zangu ziliuawa na peroksidi iliyotengenezwa nje yake. Kwa hiyo tenga vishimo vya sahani ya majaribio vyenye kimeng'enya cha katalesi, kinachovunja peroksidi. Seli zikipona humo, umempata mkosaji.

MTT, rangi ya njano ya kupimia uhai wa seli, nayo ina mtego wake. Seli hai huigeuza kuwa zambarau, lakini baadhi ya polifenoli huigeuza hivyohivyo bila seli yoyote, nawe ukadhani seli zimenawiri. Osha seli uondoe dondoo kabla ya kuweka MTT, na usikose vishimo vyenye dondoo bila seli. Vishimo vya seli zilizotiwa kiyeyushi cha dondoo pekee, DMSO kwa mfano, navyo ni lazima.

Kuhusu kipimo: mikromola 50 za kwasetini, polifenoli nyingine, ni rahisi kuziweka kwenye sahani, lakini damu ya mtu aliyekula mimea kwa kawaida haifiki huko, na kwasetini iliyomo huwa imeshabadilishwa na utumbo na ini.

Linalonivutia zaidi ni Nrf2, protini inayowasha jeni za ulinzi wa seli. Katika hali ya kawaida protini iitwayo Keap1 huishikilia na kuipeleka ikaharibiwe. Molekuli ya mmea ikiisumbua Keap1 kidogo, Nrf2 huingia kwenye kiini na kuamsha jeni za ulinzi, zikiwemo za kutengeneza glutathioni, antioksidanti ya seli yenyewe. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa. Basi zipe seli dondoo, subiri, lioshe lote, ndipo uzishambulie kwa peroksidi. Zikistahimili wakati dondoo halimo tena, hapo una haki ya kuandika kwamba ni seli yenyewe iliyobadilika.