Magari ya Kale Yanapopanda Mlima: Mtazamaji Asimame Wapi?

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni dereva mstaafu wa malori. Mpwa wangu anayefanya kazi Uswisi amenialika tukatazame mashindano ya magari ya kale ya kupanda mlima. Ananieleza kwamba magari huachiwa moja moja. Kama hayafukuzani, mtazamaji anatazama nini, na asimame wapi?
Msomaji, Newala

JIBU: Ndugu msomaji, magari hayo hushindana na saa. Tena kwa magari ya kale, mara nyingi mshindi si aliyekimbia kuliko wenzake, bali ni yule ambaye muda wake wa kupanda mara ya kwanza na wa mara ya pili umekaribiana zaidi, kwa kuwa hakuna anayetaka kuua injini ambayo vipuri vyake havipo tena madukani.

Waswisi wana historia ndefu na mchezo huu. Kati ya mwaka 1922 na 1934 magari yalipanda kutoka kijiji cha Linthal hadi njia ya mlimani ya Klausen, kilomita 21.5 zenye kona zaidi ya mia moja, na mwaka huo wa mwisho dereva Mjerumani Rudolf Caracciola alifika juu kwa dakika 15 na sekunde 22 akiwa na Mercedes-Benz. Baadaye, ajali ya mbio za magari za Le Mans ya mwaka 1955, iliyoua watazamaji zaidi ya 80 nchini Ufaransa, iliifanya Uswisi ipige marufuku mbio za kuzunguka uwanjani. Za mlimani zikabaki.

Wewe uliyepandisha lori Newala kutoka Masasi unajua kwamba kazi yote iko kwenye kona, na hapo ndipo pa kutazama, au tuseme pa kusikiliza. Giaboksi nyingi za zamani haziingizi gia kwa hiari: dereva hukanyaga klachi, huweka nyutro, huachia klachi na kupiga resi, kisha hukanyaga tena ndipo aingize gia nzito, yaani ya chini, huku gari likiwa tayari linakata kona. Akikosea kidogo, meno yatasaga na watu wote watasikia. Karibu na mita 2,000, ambako hewa ni nyepesi, injini isiyo na mtambo wa kusukuma hewa hupoteza takribani sehemu moja ya tano ya nguvu zake, na kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ambayo haikurekebishwa humwaga petroli nyingi mno, moshi ukatoka mweusi.

Simama juu ya ukingo ulioinuka kando ya barabara, upande wa ndani wa kona. Upande wa nje ndiko liendako gari lililoshindwa kukunja. Watii wasimamizi wenye bendera. Fikeni mapema, kwani barabara hufungwa kabla ya gari la kwanza, na mkishapanda hamtashuka hadi mzunguko uishe. Chukua sweta hata kama ni Julai. Asubuhi, kabla ya mbio, pitia magari yakiwa yamefunguliwa boneti. Wenyewe hufurahi kuulizwa, ila usiguse kitu bila ruhusa.