Nilijaribu Gmail yangu binafsi, Vault ikanifungulia

Ofisini kwetu Njiro tuko wanane, na kwa miaka nywila za seva zilikaa kwenye grupu la WhatsApp. Kijana mmoja alipoacha kazi, tulikesha siku mbili tukizibadilisha. Ndipo nikaweka Vault, programu ya kutunza nywila na siri nyingine za seva, na nikataka watu waingie kwa akaunti za Google za ofisi, ili mtu akifungiwa barua pepe asiweze kuingia tena.

Kuwasha OIDC, njia inayoiwezesha Vault kuwaingiza watu kwa akaunti za Google, ni amri moja tu. Kilichonitesa ni anwani ya kurudi. Ukishaingia, Google hukurudisha kwenye Vault kwa anwani ile tu uliyoandikisha, herufi kwa herufi. Mimi niliandikisha ya kivinjari, inayoishia /ui/vault/auth/oidc/oidc/callback, na ndiyo, hiyo oidc inaandikwa mara mbili. Nikasahau ya terminali, yaani ya anayeingia kwa kuandika amri, http://localhost:8250/oidc/callback. Ziandike zote mbili kwa Google, kisha uzirudie kwenye Vault, sehemu ya allowed_redirect_uris. Jioni nzima iliniishia hapo.

Ilipokubali nikajipongeza kwa mishikaki. Usiku, nikiwa nyumbani, nikajaribu kwa Gmail yangu binafsi, utani tu. Ikafunguka, siri zote hizo hapo! Google inathibitisha kwamba wewe ni wewe. Nani ni mtu wa ofisi yangu, haiwahusu. Upande wao nilikuwa nimeruhusu watumiaji wa nje, na upande wa Vault sikuweka sharti lolote. Nikaongeza sharti, bound_claims, linalodai hd (sehemu ambamo Google hutaja domeini ya ofisi ya mtu) iwe domeini yetu. Usitegemee mwisho wa barua pepe, tumia hd.

Jambo jingine: tokeni ya Vault, yaani kibali unachopewa ukishaingia, usipogusa mipangilio inaweza kuishi siku 32. Aliyefungiwa akaunti leo bado anasoma siri kwa tokeni ya jana. Yetu nimeikata idumu kwa muda wa saa 8 tu.

Halafu kuna umeme. Seva ikizima na kuwaka, Vault hurudi ikiwa imefungwa, na hapo Google haina msaada wowote. Kwa mipangilio ya kawaida, kuifungua unahitaji funguo 3 kati ya 5 unazopewa unapoianzisha. Siku ilipotutokea, zote tano zilikuwa kwenye kompyuta yangu, nami niko msibani Moshi, simu haina chaji. Sasa zimegawanywa kwa watu watano. Dada wa hesabu ameuchapisha ufunguo wake kwenye karatasi, anautunza kwenye faili moja na leseni ya biashara.