Maswali ya Wasomaji: Nyaraka za Viza ya Mwanafunzi wa Uingereza

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu viza ya Uingereza, na karibu zote zinaangukia mambo mawili: tarehe na majina. Majibu haya ni kwa anayeomba akiwa huku nyumbani, kwa kozi inayozidi miezi 6.

Habari za kazi. Binti yangu amepata nafasi ya shahada ya uzamili katika chuo kilichoko Leeds. Ada ni pauni 18,000 na tumeshalipa 6,000. Benki tuonyeshe kiasi gani? Na mdogo wangu, ambaye ndiye mwenye uwezo, anaweza kuonyesha fedha kwenye akaunti yake? (Mzazi, Mwanza)

Hongera kwa binti, mzee wetu. Tuanze na hesabu. Unajumlisha ada iliyobaki na fedha za kujikimu kwa miezi isiyozidi 9. Tangu Novemba 2025 fedha za kujikimu ni pauni 1,529 kwa mwezi kwa anayesoma London na pauni 1,171 kwa anayesoma kwingineko. Leeds iko nje ya London, kwa hiyo 1,171 mara 9 ni 10,539. Ongeza ada iliyobaki, 12,000, mnapata pauni 22,539. Kabla ya yote, hakikisheni zile 6,000 zimeandikwa kwenye CAS, yaani uthibitisho wa udahili unaotolewa na chuo. Kama hazimo, kiandikieni chuo kiziongeze kabla ya kutuma maombi, na risiti iwekeni tayari.

Kuhusu mdogo wako: kwetu baba mdogo ni baba, lakini ofisa wa viza anamtambua mzazi aliyeandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa, au mlezi aliyethibitishwa kwa hati ya mahakama. Akaunti ya baba mdogo haitapokelewa hata iwe na mabilioni. Njia iliyo wazi ni yeye kuhamishia fedha kwenye akaunti ya binti au ya kwako, kisha zikae humo siku 28 mfululizo.

Hizo siku 28 ndizo zinazowaangusha wengi. Salio halitakiwi kushuka chini ya kiwango hata siku moja, na siku ya mwisho ya taarifa ya benki isiwe imepita zaidi ya siku 31 mpaka tarehe ya maombi. Tarehe ya maombi ni siku mnayolipia ada ya viza mtandaoni, si siku ya kwenda kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Chukueni mfano huu: fedha zimetimia tarehe 3 Juni. Siku ya 28 ni 30 Juni. Nendeni benki tarehe 1 Julai mkachukue taarifa inayoonyesha kipindi chote, yenye jina la mwenye akaunti, namba ya akaunti, jina la benki na salio la mwisho. Kuanzia hapo mna mpaka 31 Julai kutuma maombi. Mkilala mpaka Agosti, mnarudi benki kuchukua taarifa mpya, na salio lazima liwe halijaguswa.

Kama akaunti ni ya shilingi, wanabadilisha kwa kiwango cha siku ya maombi. Shilingi ikiteleza kidogo, mliokuwa mmefika barabara mnajikuta mmepungukiwa. Wekeni ziada ya asilimia 5 hadi 10. Ziada hiyo pia itabeba makato ya benki ya mwisho wa mwezi, ambayo watu huyasahau. Fedha zilizoko SACCOS au kwenye simu zihamishieni benki mapema. Na kwa kuwa kiasi kikubwa kimeingia kwa mkupuo, wekeni ushahidi wa kilikotoka: barua ya mdogo wako na taarifa ya akaunti yake, au mkataba wa mauziano kama ni kiwanja kimeuzwa.

Mkitumia akaunti yako, ambatisheni cheti cha kuzaliwa cha binti chenye jina lako, pamoja na barua yako iliyosainiwa inayosema mambo mawili: kwamba wewe ni mzazi wake, na kwamba umeridhia fedha hizo zitumike kwa masomo yake. Tumeona barua ndefu za kurasa mbili zinazosimulia maisha ya familia na kusahau jambo la pili.

Ada ya viza na tozo ya afya, yaani malipo ya kutumia huduma za afya za Uingereza, hazimo kwenye zile 22,539. Tozo ya afya ni pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, na kwa kozi ya mwaka mmoja kwa kawaida hufika 1,164 kwa sababu viza huzidi miezi 12. Ulizeni benki kikomo cha malipo ya mtandaoni kwa siku kwenye kadi yenu, maana malipo hukwama hapo.

Shikamooni. Pasipoti yangu ina majina matatu, cheti cha kidato cha nne kina mawili, na cha kuzaliwa kimeandika jina la baba kwa herufi tofauti. Nifanyeje? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Pasipoti ndiyo mzani. Kila kitu kipimwe kwayo. CAS isome kama pasipoti, herufi kwa herufi, na kama kuna kosa chuo kirekebishe kabla hujaomba. Kwa tofauti ndogo za majina, apa hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu ikisema kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, na yataje yote kama yalivyoandikwa, pamoja na makosa yake. Kama jina lilibadilishwa kabisa, kiapo hakitoshi: unahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Cheti cha kuzaliwa chenye kosa omba RITA, wakala wa usajili wa vizazi Tanzania, wakirekebishe, lakini usianze shughuli hiyo wiki mbili kabla ya maombi.

Hati iliyo kwa Kiswahili pekee itafsiriwe. Tafsiri lazima ibebe kauli ya mfasiri kwamba ni sahihi, tarehe, jina lake kamili, saini na mawasiliano. BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, hutoa huduma hiyo.

Hospitali ya rufaa ilinipiga picha ya kifua mwezi uliopita. Naweza kuitumia kwa cheti cha kifua kikuu? (Msomaji, Mombasa)

Hapana. Kipimo hukubaliwa kikitoka kliniki iliyoidhinishwa na serikali ya Uingereza tu, na Kenya na Tanzania zote zimo kwenye nchi zinazotakiwa kupima. Cheti hudumu miezi 6. Picha ikiwa na doa lisiloeleweka watachukua makohozi, na majibu ya kuotesha vijidudu huchukua hadi wiki 8. Kwa kozi ya Septemba, pima Aprili au Mei.

Nimenyimwa viza, wamesema taarifa yangu ya benki ilionyesha siku 26. Nikate rufaa au niombe upya? (Msomaji, Dar es Salaam)

Pole sana. Hesabu mwenyewe kwa kalenda kwanza. Kama siku ni 28 kweli na ofisa ndiye aliyekosea, omba mapitio ya uamuzi ndani ya siku 28 tangu ulipopokea barua. Gharama yake ni pauni 80, na kwa kawaida huruhusiwi kuongeza nyaraka mpya. Kama kweli zilikuwa 26, mapitio yatakupotezea muda. Omba upya. CAS ya kwanza imeshatumika, kwa hiyo andikia chuo leo uombe mpya, uwatumie barua ya kunyimwa, na uulize siku ya mwisho wanayoruhusu mwanafunzi kufika. Tozo ya afya hurudishwa, ada ya viza hairudi. Fedha zikiwa bado ziko kwenye akaunti, usiziguse: kama salio halijashuka tangu siku ile ya 26, huenda 28 zimeshatimia na kilichobaki ni kuchukua taarifa mpya.