Rangi mnaiuliza, kivuli je?

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Jiko lako ungelipaka rangi gani ili likutulize?", limenikuta nimesimama jikoni, na limenichoma. Miaka mitatu nimejiuliza swali hilohilo, na limenigharimu makopo manne ya rangi.

Jiko letu nimelipaka mara mbili. Kwanza kijivu, kwa kuwa niliona kijivu kwenye picha za majiko ya watu wasiopika. Halafu kijani kilichopauka. Kila mara nilipata raha ya wiki moja, harufu ya rangi ikiisha na raha nayo imekwisha. Ikifika jioni, nikianza tu kupika, nageuka mtu mwingine. Mlango wa kabati ukigonga, nafoka. Mtoto akiuliza chakula kitaiva lini, nafoka. Mume wangu alishajifunza kuniletea maji ya kunywa bila kusema neno, anaweka glasi na kurudi nyuma kama anayemlisha simba.

Jioni moja wifi yangu alikuja kukaa nasi siku mbili. Nilikuwa nakata vitunguu, kisu kikateleza kikanichukua kidole cha shahada. Jeraha halikuwa kubwa, lakini nililia kilio kikubwa kuliko jeraha. Wifi akanifunga kidole, akachukua kisu amalizie. Alikata mara mbili tu, akakiweka chini.

"Wifi, hebu njoo usimame hapa nilipo."

Nikasimama.

"Sasa tazama ubao."

Nikatazama. Ubao ulikuwa na kichwa changu na mabega yangu mawili, meusi tii. Taa yetu iko katikati ya dari. Meza ya kukatia imeegemea ukuta. Kila anayefanya kazi pale huigeukia meza na kuipa taa mgongo, kwa hiyo mwanga wote unaishia kisogoni. Miaka mitatu nimekata, nimechambua na nimepima chumvi ndani ya kivuli changu mwenyewe, macho nimeyakaza, shingo nimeiinamisha, na lawama zote nimezitupia ukuta.

Wifi ni mtu wa kujaribu mambo. Alizima taa ya dari, akawasha tochi ya simu yake na kuishika chini ya kabati la ukutani ili imulike meza. Mkono ukamchoka, akabadilisha. Ukachoka na ule wa pili. Mwisho tuliibandika simu kwa utepe wa gundi, vipande vitano, kimoja kikidondoka tunaongeza kingine. Likabaki duara moja la mwanga juu ya ubao, na jiko zima likapotelea gizani: vyombo ambavyo sijaosha, mifuko iliyoshindiliwa pembeni, ile droo isiyofunga. Sikuviona, kwa hiyo havikunisumbua. Friji likanguruma, halafu likanyamaza, na ndipo nikagundua kwamba muda wote lilikuwa likinguruma. Nikakata vitunguu polepole na kidole changu kilichofungwa. Wifi akaanza kunieleza mambo ya nyumbani kwake ambayo sebuleni asingeyataja hata kwa kuapishwa. Chaji iliisha kabla mboga haijaiva. Tulicheka mpaka watoto wakaja kuchungulia, na hakuna aliyefokewa.

Wiki iliyofuata nilimwita fundi umeme. Aliweka mkanda wa taa za LED chini ya kabati, karibu na ukingo wa mbele, si kule nyuma ukutani, na akaufunika kwa plastiki yenye ukungu ili vinukta vya taa visichome macho. Halafu akaniuliza nataka mwanga wa kelvini ngapi, yaani kipimo cha rangi ya mwanga. Hapa wengi hujikwaa, nami nilijikwaa: namba ikipanda, mwanga unazidi kuwa wa baridi na wa kibuluu. Tyubu yetu ya darini ilikuwa 6500. Mkanda nikachukua wa 2700, ule wenye manjano ya jioni. Kama macho yako yanataka ukali zaidi kidogo, chukua 3000.

Kuna mengine nayapitia haraka. Kimo cha meza: pima kiwiko chako ukiwa umesimama, shuka sentimita 10 mpaka 15, hapo ndipo pa kukatia. Feni ya kuvuta moshi: isikilize ikiwa imewashwa kabla hujainunua, maana chumba chenye vigae kila upande hurudisha kila sauti.

Baadaye nilikuja kujua kwamba kuna mbunifu wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, aliyebuni mwaka 1926 jiko dogo la nyumba za Frankfurt, Ujerumani, upana kama mita 1.9 na urefu 3.4. Alikiri mwenyewe kwamba wakati ule hakuwa mpishi hata kidogo. Hata hivyo aliweka meza ya kazi chini ya dirisha, na darini taa ya kusogezwa ifuate kazi ilipo. Makabati yalipakwa buluu, kwa sababu siku hizo iliaminika kuwa nzi huikwepa. Nzi, wala si utulivu wa mpishi! Nilifurahi kama niliyeshinda kesi.

Hapo ndipo nilipotaka kumalizia: rangi si kitu, ulizeni taa.

Lakini nimeandika nikiwa natazama ukuta wangu, na sina budi kusema kweli. Kile kijani nilipanga kukifuta. Chini ya tyubu kilifanana na korido ya wodi. Chini ya mkanda wa manjano kimekuwa kama jani changa, na kwa kuwa ni rangi ya maji isiyong'aa, hakinirudishii mwanga machoni kama ilivyofanya ile ya mafuta ya kijivu. Kunikalisha kinanikalisha. Jana nilimenya viazi hapo ingawa havikuwa vya kupikwa siku hiyo. Tena, wifi mwenyewe jikoni kwake amepaka nyekundu ya kuwasha, na sijaona mpishi mtulivu kumshinda, kwa hiyo sijui kama jibu langu litamfaa mtu asiye mimi.

Basi andikeni: kijani kilichopauka, kisichong'aa. Ila mkiandika hivyo mkaacha habari ya taa, jina langu msiliweke.